Chupa ya manukato, mfuko wa kudarizi: kazi ya familia kwa msimu wa joto Nairobi

Tikitimaji halitoi mafuta ya kunukia. Embe halitoi, na stroberi vivyo hivyo. Ukikuta kichupa dukani kimeandikwa kwamba ni mafuta asilia ya tikitimaji na kinanukia peremende, harufu hiyo imetoka maabara. Mafuta halisi ya mbegu za tikitimaji yapo, lakini kazi yake ni kulainisha ngozi, na hayana dalili yoyote ya harufu ya tunda lenyewe. Ndipo familia nyingi zinazotaka kutengeneza manukato ya asili yanayokumbusha jua la Januari hukwama, kisha zikaishia kununua harufu za kemikali na kuziita za nyumbani.

Njia ninayoipendekeza ni kugawa kazi. Vinavyotoa harufu, yaani chungwa, ndimu, tangawizi, mchaichai na vanila, viende kwenye chupa. Visivyotoa viende kwenye kitambaa, vishonwe kwa krosi stichi, yaani misalaba midogo ya uzi inayojenga picha. Mwishoni utakuwa na mfuko mdogo uliodariziwa kipande cha tikitimaji, na ndani yake chupa ya mililita 10 yenye harufu ya juisi ya miwa iliyokamuliwa na ndimu na tangawizi. Ni zawadi kamili, na kila mtu nyumbani anapata sehemu ya kufanya, kuanzia shosho anayejua sindano hadi mtoto wa darasa la tatu anayejua kuhesabu miraba.

Anza Novemba, si Januari

Joto la Nairobi huja Januari na kuendelea hadi Machi, mvua za masika zinapokaribia. Maembe ya Makueni yamejaa kila kona, mikokoteni ya miwa imesimama vituoni, na matunda ya kukatwa yanauzwa hata kwenye foleni ya magari. Lakini mafuta ya vanila tutakayotumia yanahitaji wiki 4 hadi 6 kuiva, na krosi stichi haina haraka. Shule zikifungwa mwishoni mwa mwaka, watoto wakianza kuuliza "Mama, tufanye nini?", hapo ndipo pa kuanzia.

Kaeni mezani muandike vitu mnavyokula jua likiwaka. Msichukue michoro ya intaneti yenye koni za aiskrimu na keki za stroberi kabla hamjaangalia nje ya geti lenu. Orodha ya Nairobi itakuwa na maembe ya pilipili na chumvi, miwa, madafu yaliyopanda basi kutoka Pwani, barafu ya mti, mabuyu, tikitimaji. Kila kitu kipeni mahali pake: chupa au kitambaa. Madafu? Kitambaa. Mabuyu? Kitambaa, na rangi yake nyekundu itafanya kazi nzuri. Miwa yenyewe haina mafuta ya kunukia, ila ndimu na tangawizi zinazokamuliwa pamoja nayo zinayo, na hizo zinatosha kumdanganya anayenusa.

Vya kununua, na vya kuepuka

Kwa uzi, sindano na kitambaa, anzia Biashara Street. Uliza kitambaa cha aida cha 14, maana yake kina miraba 14 kwa kila inchi. Ni saizi ya mtu anayejifunza: matundu yanaonekana bila miwani na picha haiwi kubwa kupita kiasi. Sindano iwe butu, namba 24. Uzi wa kudarizi wa pamba huuzwa kwa vibunda vya mita 8, kila uzi ukiwa na nyuzi 6 ndani yake. Nitatumia namba za rangi za DMC, kampuni ya Ufaransa iliyoanza Mulhouse mwaka 1746, kwa sababu karibu michoro yote duniani hutumia namba hizo. Uzi wa kampuni nyingine unafaa pia. Linganisha rangi kwa macho, tena mlangoni kwenye mwanga wa jua, si chini ya taa ya duka.

Aida ikikosekana au ikiwa ghali, nunua kitambaa cha miraba midogo cha sare za shule. Miraba yake imo tayari kwenye kitambaa, kwa hiyo mtoto anashona msalaba mmoja ndani ya kila mraba. Chagua chenye miraba ya milimita 3 hivi. Mimi napenda hiki kuliko aida kwa mifuko, kwa sababu kinafulika vizuri na kina sura ya Kenya bila kujitahidi.

Kwa upande wa manukato unahitaji chupa ndogo za kioo cheusi au cha kahawia zenye gololi mdomoni, mafuta ya kunukia yaliyokolea, na mafuta ya kuchanganyia. Ya kuchanganyia yaliyo bora ni jojoba, kwa kuwa hayachachi upesi. Mafuta ya nazi yaliyochujwa yakabaki ya maji hata kwenye baridi yanafaa vilevile. Ya alizeti ni sawa kwa majaribio, ila usiyaweke mwaka mzima.

Maduka ya Eastleigh yana udi, uunsi (uvumba wa Kisomali) na mafuta ya kupaka yanayopimwa kwa tola, kipimo kidogo cha wauza manukato. Ni mahali pazuri pa kuzoeza pua. Lakini mengi ya hayo mafuta mazuri ya bei nafuu yamechanganywa harufu za kiwandani. Muuzaji mwaminifu atakwambia ukimwuliza kwa adabu. Kipimo rahisi: mafuta ya asili huandikwa jina la kisayansi la mmea na sehemu iliyotumika, ganda au ua au mzizi, na bei zake hutofautiana sana. Duka ambalo waridi, chungwa na asumini vina bei moja haliuzi mafuta ya asili.

Vitu viwili usiviulize kabisa. Kwanza, msandali wa humu nchini. Ukataji wake ulipigwa marufuku Kenya mwaka 2007 kwa sababu miti ilikuwa inang'olewa na mizizi yake, na tangu 2013 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na CITES, mkataba wa kulinda mimea na wanyama walio hatarini. Pili, spiriti. Ile ya duka la dawa ya kupanguzia vidonda imetiwa vitu vingine visivyofaa manukato, na ile ya kuwashia jiko ina methanoli, ambayo ni sumu. Vodka nayo ni asilimia 40 tu ya kileo. Sehemu kubwa iliyobaki ni maji, na mafuta yataelea juu. Manukato ya mafuta hayahitaji chochote katika hivyo.

Ubani ndio unaostahili pesa zako. Miti yake inaota yenyewe Isiolo, Samburu, Marsabit na Wajir, na wakusanyaji wa huko wameishi na biashara hii muda mrefu. Chupa moja ndogo ya mafuta ya ubani itakutosha kwa manukato mengi.

Mafuta ya vanila

Nunua vijiti viwili vya vanila, vya Uganda vinapatikana mjini. Vipasue katikati kwa urefu, kwangua mbegu, kata vipande vya sentimita moja, kisha viache kwenye sahani siku moja vikauke unyevu wa juu. Usiiruke hatua hii, kwa kuwa maji yakiingia kwenye mafuta huleta ukungu. Tia vyote kwenye chupa safi iliyokauka kabisa, mimina mililita 100 za jojoba, funga, weka kabatini mbali na jua. Mtoto mmoja apewe kazi ya kuitikisa kila siku. Baada ya wiki 4 onja kwa pua. Ikiwa bado ni hafifu, ongeza wiki 2. Chuja kwa kitambaa chepesi kilichokunjwa mara mbili.

Usitegemee harufu ya keki. Vanila ya hivi ni ya chini, tamu kidogo, yenye utani wa moshi, na kazi yake ni kubeba nyingine.

Kuchanganya

Fanyeni kazi hii mkiwa mmefungua madirisha, watu wazima wakishika vichupa. Mafuta yaliyokolea hayashikwi na watoto wala hayapakwi ngozi yakiwa peke yake. Tone moja likimwagika mkononi, lipanguze kwa mafuta ya kupikia kwanza, ndipo unawe kwa sabuni. Maji peke yake hayaliondoi.

Hesabu ya kawaida ni matone 20 kwa mililita moja, kwa hiyo chupa ya mililita 10 ni matone 200 hivi. Tutatumia 15, ambayo ni kama asilimia 7 na nusu. Inatosha kwa mtu mzima kunukia hadi mchana.

Kabla ya kugusa chupa, jaribuni kwenye karatasi. Kata vipande vyembamba vya karatasi nene, dondosha tone moja la kila mafuta kwenye kipande chake, andika jina kwa penseli, kisha shika vipande viwili vitatu pamoja na uvipitishe mbele ya pua. Acha vikae. Rudi baada ya dakika 10, kisha baada ya saa moja, kisha jioni. Utaona chungwa na ndimu zimetoroka mapema, tangawizi imebaki katikati, na ubani bado upo usiku. Siri yote ya manukato iko hapo: harufu nyepesi hukaribisha, nzito hubaki. Mchanganyiko wa machungwa matupu hupendeza sana kwa nusu saa tu, halafu umekwisha.

Mchanganyiko wa juisi ya miwa, kwa chupa ya mililita 10:

- Ubani, matone 4
- Tangawizi, matone 2
- Chungwa tamu, matone 6
- Ndimu iliyotolewa kwa mvuke, matone 3
- Mafuta ya vanila, jazia hadi shingoni

Tia kwa mpangilio huo, nzito kwanza, ukinusa baada ya kila moja. Bonyeza gololi, funga, viringisha chupa kati ya viganja. Usitikise kwa nguvu. Iache gizani wiki moja kabla ya kuamua kama umeipenda, kwa sababu siku ya kwanza tangawizi hupiga kelele kuliko wenzake na baadaye hutulia.

Kuhusu ndimu: mafuta ya ndimu yaliyokamuliwa kutoka kwenye ganda yana kemikali zinazounguza ngozi zikikutana na jua. Mtu anapaka shingoni asubuhi, anasimama kituo cha matatu, jioni ana alama nyekundu ambayo inaweza kugeuka kuwa doa la miezi. Nairobi iko karibu na ikweta na mita zipatazo 1,795 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo jua letu si la kuchezea hata upepo ukiwa baridi. Ndimu ya mvuke haina shida hiyo, na chungwa tamu pia haina. Lebo isiposema mafuta yalitolewaje, usiyatie.

Mchanganyiko wa pili ni wa maembe ya pilipili, ambao hauna embe ndani lakini unamtekenya mtu puani kwa namna ileile: chungwa tamu 6, pilipili manga 2, mchaichai 1, ubani 3. Mafuta ya pilipili manga hayawashi kama pilipili yenyewe, maana kinachowasha hakipandi na mvuke. Mchaichai usizidi tone moja. Ni mkali kwa ngozi. Karafuu nayo, kama mtu wa nyumbani hawezi kuishi bila karafuu, tone moja tu katika chupa nzima. Mafuta ya gome la mdalasini achana nayo kabisa.

Kila anayetaka kupaka ajaribu kwanza upande wa ndani wa kiwiko, asubiri saa 24. Mjamzito, mwenye pumu na mtoto mchanga wakae mbali na haya, na wageni waulizwe kabla ya kupakwa kwa mapenzi.

Ya watoto: maji ya mchaichai

Watoto wanataka kitu chao, na haki yao. Wapeni maji ya kunyunyizia mito na mapazia, yanayotengenezwa kwa sufuria za kawaida. Chukua sufuria kubwa, weka katikati bakuli la chuma lililopinduliwa, na juu yake bakuli jingine lililosimama wima, tupu. Zunguka hayo mabakuli kwa mchaichai uliokatwakatwa, mafungu mawili makubwa ya mama mboga, na majani ya mnanaa. Mimina maji yafunike majani bila kufikia bakuli la juu. Funika kwa kifuniko kilichogeuzwa, kishikio kikitazama ndani, na ujaze barafu kwenye mgongo wake.

Washa moto mdogo. Mvuke unapanda, unagusa kifuniko baridi, unageuka maji, unateremka hadi kwenye kishikio na kudondoka tone kwa tone kwenye bakuli. Waite watoto wasikilize kabla ya kufunua: utasikia matone yakigonga chuma. Hapa kwetu maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100 kwa sababu ya mwinuko, kwa hiyo usiogope ukiona yanachemka mapema. Barafu ikiyeyuka chota maji yake kwa kikombe, ongeza nyingine. Zima baada ya dakika 40, au mapema kama maji ya chini yanakaribia kwisha.

Utapata kama kikombe kimoja. Kikipoa, tia kwenye chupa ya kunyunyizia iliyochemshwa, weka kwenye friji, mtumie ndani ya wiki mbili. Hayana kihifadhi, hivyo yakianza kuwa na utando au harufu ya mtaro, mwageni.

Asumini, kama unayo ukutani

Pwani, kina mama hupanga asumini na rehani kuwa kikuba na kukibandika kwenye nguo. Ukiwa na mti wa asumini nyumbani, unaweza kuinasa harufu ile kwa mafuta ya nazi yaliyosafishwa, yasiyo na harufu. Mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24 hivi, na hapo baridi ya Nairobi ni msaada. Yeyusha gramu 100 pamoja na gramu 10 za nta ya nyuki, mimina kwenye sahani bapa ya kioo unene wa milimita 4, yagande. Chuma maua jioni yakiwa yanafunguka na makavu, yapange juu yake kifudifudi, funika. Kesho yake yaondoe kwa kibano, weka mapya. Asumini huendelea kutoa harufu hata baada ya kuchumwa, ndiyo maana mbinu hii inaifaa. Endelea hivyo kila jioni kwa wiki mbili au tatu, kisha kwangua yale mafuta uyatie kwenye kikopo kidogo. Tayari ni manukato ya kupaka.

Usijaribu na waridi la dukani. Mawaridi ya kuuza nje yamekuzwa kwa urefu wa shina na maisha ya chombo, si kwa harufu, na yamepuliziwa dawa za wadudu. Waridi la bustani lisilopuliziwa linafaa. Na si kila ua linalonukia ukuta wa jirani ni salama: lile kubwa lenye umbo la tarumbeta linaloning'inia na kunukia usiku ni sumu, na kile kichaka ambacho maua yake hufunguka zambarau na kufifia kuwa meupe pia ni sumu. Kama hulijui ua kwa jina, libaki mtini.

Kuchora tikitimaji

Daftari la hesabu la miraba linatosha kuwa ubao wa michoro. Mraba mmoja wa daftari ni msalaba mmoja wa uzi. Huu hapa mchoro wa kipande cha tikitimaji, upana miraba 21, kimo miraba 13. Kila mstari uko katikati ya ule wa chini yake, kwa hiyo kila ukishuka unaongeza mraba mmoja kila upande hadi mstari wa 11.

- Mstari wa 1 hadi wa 10, nyekundu (321): 1, 3, 5, 7, 9, 11, 13, 15, 17, 19
- Mstari wa 11, nyeupe: 21
- Mstari wa 12, kijani (702): 21
- Mstari wa 13, kijani kilichoiva (699): 19

Mbegu ni misalaba 6 myeusi (310) ndani ya ile nyekundu: mmoja katikati ya mstari wa 4, katika mstari wa 6 ni wa tatu na wa tisa, mmoja katikati ya mstari wa 8, katika mstari wa 9 ni wa nne na wa kumi na nne. Mwache mtoto apake rangi daftarini kwanza kisha ahesabu. Nyekundu na nyeusi zikijumlishwa lazima zitoke 100. Zikitoka 99, kuna mraba umerukwa, na ni afadhali kujua hilo kwenye karatasi kuliko kwenye kitambaa.

Kwenye aida ya 14 picha itakuwa sentimita 3.8 kwa 2.4. Kwenye kitambaa cha sare cha milimita 3 itakuwa 6.3 kwa 3.9. Kwa mchoro wowote mwingine gawa idadi ya miraba kwa 14, zidisha kwa 2.54, utapata sentimita.

Barafu ya mti ni rahisi zaidi: mstatili wa miraba 9 kwa 14 ulioondolewa mraba mmoja kila kona ya juu, na kijiti cha 3 kwa 6 chini yake. Ukitaka ionekane imeng'atwa, ondoa miraba minne mitano kwenye pembe moja bila mpangilio. Maembe ya pilipili ni vipande virefu vya 741 na 743 vilivyolala sambamba, halafu nukta za 321 zilizorushwa ovyo juu yake. Madafu ni magumu kuliko yanavyoonekana, kwa sababu kijani kitupu bila kivuli hugeuka kuwa mpira. Tumia kijani tatu au uyaache.

Kushona

Kata kitambaa sentimita 10 kwa 30. Kikunje katikati kwa upana ili upate mstari wa kati, kisha pima sentimita 9 kutoka ncha moja. Hapo ndipo katikati ya picha. Chini ya tikitimaji kuelekee upande wenye kitambaa kirefu. Ukigeuza, mfuko ukikamilika tunda litakuwa kichwa chini.

Anza na msalaba wa katikati: mstari wa 7, wa saba kutoka kushoto, nyekundu. Kutoka hapo hesabu haitapotea.

Kata uzi urefu wa kutoka vidole hadi kiwiko mara mbili, si zaidi. Uzi mrefu huchakaa na kujifunga. Vuta unyuzi mmoja tu kati ya zile 6, ukunje katikati, tia zile ncha mbili kwenye tundu la sindano. Sasa una nyuzi mbili na kitanzi upande wa pili. Toboa kutoka nyuma, shona mguu wa kwanza wa msalaba, pinduka, pitisha sindano ndani ya kitanzi, vuta. Umeanza bila fundo, na fundo ndilo hufanya kazi ionekane na manundu upande wa mbele.

Kwa mstari mzima, shona kwanza miguu yote inayolala upande mmoja ukienda, kisha irudie ukirudi kwa upande wa pili. Mguu wa juu uelekee upande uleule katika picha yote. Hapo ndipo kazi ya mtu makini hutofautiana na ya haraka: misalaba ikielekea ovyo, mwanga hauangukii sawa na rangi moja huonekana mbili. Kwenye kitambaa cha sare tumia nyuzi tatu, maana mraba ni mkubwa. Hapo kitanzi hakiwezekani, kwa hiyo acha mkia wa sentimita 3 nyuma na uushone chini ya misalaba ya kwanza. Kumalizia, pitisha sindano chini ya mishono minne nyuma, kata.

Usivute kwa nguvu. Ukiona tundu limepanuka, umevuta. Na usiruke na uzi mweusi nyuma ya sehemu nyeupe, utaonekana.

Nyekundu humwaga rangi. Kazi ikiisha, ioshe kwa maji baridi na sabuni laini, suuza hadi maji yawe safi kabisa, usiikamue. Ilaze kifudifudi juu ya taulo, pasi ikiwa bado na unyevu kidogo.

Mfuko wenyewe

Kunja kila ncha fupi sentimita 3 kwenda ndani, shona kwa chini uache njia ya kamba. Kunja kitambaa katikati, uso kwa uso, shona pande mbili ukiacha sentimita moja ya pindo na bila kuziba njia ya kamba. Geuza. Pitisha kamba ya pamba au utepe. Mfuko utakuwa sentimita 8 kwa 12, na chupa ya mililita 10 inaingia na kubaki na nafasi. Mama mwenye cherehani atamaliza kumi kwa mchana mmoja. Kwa mkono ni jioni moja kwa mfuko.

Ukiwa na chetezo, ufukize mfuko kwa udi kabla ya kutia chupa. Ushike juu sana ya makaa, dakika chache tu. Kitambaa cheupe kikikaribia moshi hugeuka manjano, na doa hilo halitoki.

Manukato yenye chungwa na ndimu hayapendi hewa wala joto. Yakikaa sana huchacha na huanza kuwasha ngozi. Andika tarehe kwenye karatasi ndogo, pamoja na kila kilichomo ndani, na uiweke mfukoni. Kaa na chupa miezi sita tu, si zaidi, mahali pa baridi. Kumpa jirani au shangazi ni jambo moja. Ukianza kuuza sokoni, vipodozi vinavyotengenezwa nchini vinahitaji alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, kwa hiyo fuata utaratibu huo kabla ya kuchapisha lebo. Mifuko peke yake, bila chupa, unaweza kuiuza wiki hii hii.